Shemasi na Kinanda Kilichopiga Peke Yake

Madirisha aliyafunga mwenyewe. Kila Jumapili kabla ya ibada, Shemasi alikizunguka chumba chetu cha Moroni akivuta mbao za madirisha, akasukuma komeo, akalijaribu kwa kidole kama fundi anayekabidhi kazi. Alipomaliza alitugeukia, akajifuta jasho kwa leso yenye herufi za jina lake, akasema, "Sasa tumwimbie Bwana kwa uhuru." Ndani hewa ilikuwa imekwisha. Watu kumi na saba, siku nyingine ishirini, tulimwimbia Bwana kwa uhuru huku nguo zikitugandia mgongoni.

Asili yake sitaieleza. Yeye mwenyewe aliieleza mbele yangu mara tatu, na kila mara alizaliwa mahali tofauti. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia, kwa kuwa nilikuwa karani wa ushirika ule kwa miaka minane na madaftari ya mihutasari ninayo hadi leo. Yapo pia mambo ambayo hayamo kwenye madaftari. Nitafika huko.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wa kukodiwa walikuja kwa bahari mwaka 1978, wakaangusha serikali moja, wakasimamisha nyingine, kisha wakabaki kuilinda. Walivaa sare nyeusi na walipita mjini kwa magari yasiyosimama kwa ajili ya mtu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi iliyosafirisha vanila na mafuta ya maua ya langilangi; nilitoka Tukuyu kumfuata mume wangu, fundi wa majokofu. Sisi Wabaptisti wa Moroni tulikuwa wageni watupu: Wamalagasi wengi, Watanzania wachache, fundi magari wa Morisi na mkewe. Kisiwa hicho cha Wangazija ni cha Waislamu, na hakuna aliyetusumbua mradi tuliabudu wenyewe kwa wenyewe na sauti zetu zisivuke ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa Mwenye Nyumba. Mzee huyo aliuza vitambaa soko la Volo Volo, na alitupangisha chumba kilichoshikana na nyumba yake. Kiswahili alikijulia Unguja, alikokaa ujanani akisaidia duka la mjomba wake, na alikizungumza taratibu, kama mtu anayepima kitambaa cha bei. Siku ya kwanza alituambia, "Mimi nina Mungu wangu kwa saa zake, nanyi mna wenu kwa saa zenu. Tusikanyagane." Mkataba ulikuwa huo. Hatukuandika kitu.

Mchungaji hatukuwa naye, ndiyo maana Shemasi alikuwa mkubwa kuliko cheo chake. Alipenda kujiita daraja. "Huku kuna wazee na nyimbo zao, huku kuna vijana na magitaa yao," alisema akinyoosha mikono kulia na kushoto. "Mimi ni daraja." Nilimsikia akisema hivyo hata kwenye mkutano ulioitishwa kujadili paa linalovuja. Mke wa fundi wa Morisi, mwanamke asiyecheka ovyo, aliwahi kuninong'oneza, "Daraja gani hili ambalo kila anayepita lazima alisifu kwanza?"

Tuanze na wazee. Kwa kweli wazee wote walikuwa mtu mmoja, Mama Vero. Alikuwa mjane wa Kimalagasi aliyekaanga vitumbua na kuviuza kando ya barabara, na hakujua kusoma. Nyimbo zaidi ya mia mbili alikuwa nazo kichwani. Namna yake ilikuwa hii: anautamka mstari, haraka na bila sauti ya wimbo, kama mtu anayekukumbusha jambo, sisi tunasubiri, yeye anavuta pumzi, ndipo tunauimba wote, kila mtu kwa lugha aliyonayo. Kisha mstari unaofuata. Kati ya mstari na mstari palikuwa na ukimya mdogo, na ndani ya ukimya huo uliweza kusikia chumba kizima kikipumua pamoja. Wengi wetu hatukuwa na vitabu. Kitabu chetu kilikuwa kile kinywa.

Vijana walikuwa sita, wenye magitaa mawili, na waliona ukimya ule ni kulala. Ugomvi wao ulikuwa wa kawaida. Umeyapita makanisa mengi. Shemasi angeweza kuutatua kwa nusu saa. Aliuendesha miaka miwili, kwa sababu kila upande ulikuwa unakwenda kwake kulalamika, na alipenda kuendewa. Mwishoni alitoa alichokiita Mchanganyiko. Karatasi ilibandikwa mlangoni kwa mwandiko wake wenye mikia: nyimbo mbili za zamani, mbili za sasa, na moja "ya daraja". Ya daraja ilikuwa wimbo wa zamani uliowekewa mdundo mpya, na mdundo aliuchagua yeye.

Mdundo ulitoka kwenye kinanda, na kinanda kilitoka kwa Mzungu wa Gadi.

Huyu alikuwa mmoja wa mamluki waliomlinda rais, kikosi kilichoitwa Gadi. Jinsi alivyotufikia sijui. Jumapili moja alikaa benchi la nyuma kwa sare yake nyeusi, na tangu siku hiyo Shemasi alihubiri akitazama benchi la nyuma. Mtu huyo huyo aliyekuwa akituonya kila mwezi juu ya kuwategemea wenye nguvu wa dunia sasa alimshika Mzungu mkono kwa mikono yake miwili, akamsindikiza hadi kwenye gari na kumfungulia mlango wa gari la Mzungu mwenyewe. Mzungu alisema kwamba nyimbo za Mama Vero zinamkumbusha mazishi. Baada ya wiki tatu akaleta kinanda cha umeme alichokinunua kwa mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa akirejea kwao. Kilikuwa kikubwa kama kabati, na upande wa kushoto kilikuwa na swichi sita za midundo. Ukibonyeza ya rumba, rumba inapiga ngoma na besi yenyewe, bila mkono wa mtu, mpaka uizime.

Shemasi hakujua kupiga kinanda. Alijua kubonyeza swichi ya rumba.

Spika aliiegemeza kwenye ukuta wa Mwenye Nyumba, kwa kuwa soketi ilikuwa upande huo. Kinanda alikifunika kitambaa kilichotariziwa, akatangaza kwamba hakuna atakayekigusa ila yeye, akabadilisha kufuli la mlango na ufunguo ukabaki mmoja. Alilala nao kwake Mvouni, juu mlimani.

Jumapili ya kwanza ya Mchanganyiko, Mama Vero alisimama kutamka mstari kama kawaida, na mashine ikaendelea kupiga. Hiyo ilikuwa shida yote. Mashine haivuti pumzi. Mama Vero alitamka, sisi tukasubiri, rumba ikapita juu yetu, tukaingia tukiwa tumechelewa, tukamkuta Shemasi yuko mstari wa pili. Mstari wa tatu Mama Vero aliutamka akikimbia. Mstari wa nne hakuutamka. Alikaa, akaweka mikono mapajani, akatazama kinanda kama mtu anavyomtazama mgeni anayejibu maswali aliyoulizwa mwenyeji.

Baada ya ibada Shemasi alimwendea. "Mama Vero, umeona? Wimbo wako umepata miguu!"

"Miguu ulikuwa nayo," alijibu. "Ulikuwa unatembea. Sasa unafukuzwa."

Shemasi alicheka kwa nguvu, akatugeukia. "Mmesikia? Mama yetu ana utani!"

Nisije nikaonekana ninamkata nyama mtu nikasahau mifupa. Sauti alikuwa nayo: besi nzito, safi, isiyotikisika, na alipoimba bila kujisikiliza ningeweza kumsamehe karibu yote. Tena mwaka Mama Vero alipougua malaria kali, Shemasi ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, gari lilipokosekana, na hakuomba kupokezana. Jambo hilo ni la kweli na nimeliandika. Nimeandika pia kwamba alilisimulia Jumapili tano mfululizo, na katika masimulizi ya tano umbali ulikuwa umezidi mara mbili na mvua ilikuwa imeanza kunyesha.

Ubatizo nao. Sisi Wabaptisti tunazamisha mtu mzima mzima, mara moja, na ile mara moja ndiyo maana yake. Tulikwenda baharini alfajiri, mbali na macho ya watu, tukiwa na dada mmoja wa Kimalagasi aliyengoja siku ile kwa mwaka mzima. Mzungu wa Gadi alikuja na kamera. Shemasi alimzamisha yule dada, akamwinua, tukaanza kuimba. Mzungu akapaza sauti kutoka ufukweni kwamba kamera ilikuwa haijawa tayari.

Shemasi alimtazama yule dada, akatazama ufukwe. "Dada," alisema, "mara hii fumba macho vizuri."

Akamzamisha tena.

Nilipomuuliza njiani niandike nini kwenye daftari, alinijibu bila aibu, "Andika ya pili, dada karani. Ya kwanza ilikuwa mazoezi." Yule dada hakurudi tena kanisani. Picha ninayo, Shemasi anaonekana vizuri sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mama yake Mwenye Nyumba alikuwa bibi wa mtaa mzima. Watoto na wazee walimwita Koko, ndivyo Wangazija wanavyomwita bibi. Alikaa kibarazani kila Jumapili, na Mama Vero alipopita walishikana mikono na kusemezana kila mmoja kwa lugha yake, wakicheka, bila mkalimani. Koko alifariki Ijumaa moja alfajiri. Jumamosi Mwenye Nyumba aligonga kwetu. Shemasi alikuwepo, alikuja kuchukua mihutasari.

"Kwezi," nilimsalimu, salamu ya heshima ya kule.

"Mbona," aliitikia, akakaa ukingoni mwa kiti. "Mwanangu, mmesikia msiba wetu. Kesho tangu alasiri watu watamsomea hitma Koko nyumbani kwangu. Sitawaambia msisali, asubuhi ni yenu. Lakini imbeni kama zamani, kwa vinywa. Lile sanduku lenu kesho lilale. Sitaki hata mtu aliamshe."

Shemasi aliweka mkono kifuani. "Mzee wangu, pole sana. Kulipiga? Hata kuligusa sitaligusa."

"Hata kuligusa," Mwenye Nyumba alirudia.

"Mbele ya Mungu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Neno hilo kwake lilitosha, kwa kuwa yeye hakulitumia ovyo.

Jumapili asubuhi umeme ulikatika kabla hatujaanza. Mama Vero alisimama bila kuitwa. Alitamka mstari, tukasubiri, akavuta pumzi, tukaimba, na vijana wenye magitaa waliyaweka chini wakaimba pia. Ilikuwa ibada bora kuliko zote za miaka ile. Kwenye wimbo wa tatu Mzungu wa Gadi, kule nyuma, alipiga miayo na kutazama saa.

Shemasi aliiona ile miayo. Nilimwona akiiona. Aliinuka kwa vidole vya miguu, akaenda kwenye kinanda, akainua pembe ya kitambaa. Mimi nilikaa hatua mbili kutoka pale, na daftari gotini. Alibonyeza swichi kubwa, kisha ya rumba. Nilisikia tak, kisha tak nyingine. Hakikulia kitu. Alimgeukia Mzungu, akainua viganja kama kumwambia, unaona, nimejaribu. Akarudisha pembe ya kitambaa, akarudi mahali pake, na besi yake ikaingia kwenye mstari barabara. Swichi hakuzirudisha.

Ningeweza kusema. Ningeweza kusimama nikazizima mwenyewe. Kwenye daftari la siku ile niliandika: *Umeme haukuwepo. Nyimbo sita. Amani.* Tukatoka, akafunga kufuli, akapanda kwake Mvouni.

Alasiri nilikuwa naosha vyombo feni ilipoanza kuzunguka. Nikafurahi. Kisha nikasikia rumba. Kwa pumzi chache nilidhani ni redio ya mtu, hadi nilipoitambua ile besi, noti nne zinazopanda na mbili zinazoshuka, bila kuchoka. Nilikimbia na mikono yenye povu.

Mwenye Nyumba alikuwa amesimama kichochoroni mbele ya mlango wetu. Nyuma yake, kwenye mikeka iliyojaa hadi barazani, wanaume walikuwa wanamsomea mama yake.

"Mwanangu, nani yumo ndani?"

"Hamna mtu, mzee."

"Hamna mtu, na kinapiga?"

"Ufunguo uko Mvouni."

Alijaribu komeo la dirisha kwa nje. Lilikuwa limefungwa barabara. Shemasi alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Ndani ya nyumba mwalimu mmoja mzee alipandisha sauti ya kisomo ili kuishinda ngoma, wengine wakapandisha pamoja naye, na rumba haikujua kama inashindana na mtu. Kijana mmoja wa jirani akasema kwa sauti, "Jamani, Wakristo wa Mzee wamelifundisha sanduku lisali peke yake!" Watu kadhaa wakacheka. Nilimwona Mwenye Nyumba akiwasikia wanavyocheka kwenye hitma ya mama yake. Uso wake haukubadilika. Alikuwa amefika mahali ambapo uso haubadiliki tena.

Mwishowe mpwa wake alipanda paa na koleo, akakata waya. Waya huo ndio uliolisha na nyumba yake. Feni zikazimika juu ya vichwa vya wasomaji, na kisomo kikaendelea kwenye joto.

Mzee alinigeukia. "Jana alisema hataligusa. Aliligusa?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

Hilo nalo halimo kwenye madaftari.

Shemasi alipopata habari Jumatatu alishangaa vizuri sana. "Jiulize, dada karani: ni nani aliyeurudisha umeme saa ile ile? Saa ile ile! Adui ana mbinu."

"Shemasi, swichi uliziacha zimewashwa."

Alinitazama, mara ya kwanza bila leso. "Uliona?"

"Niliona."

"Basi wewe na mimi tumuombe Mungu," alisema, akanipiga bega taratibu, kama watu waliogawana mkate.

Mwenye Nyumba hakuja kugomba. Alikuja Jumanne na neno lililopimwa. "Siku ya saba watu watakaa tena kwangu. Aliyegusa aje akae nasi mkekani, aseme, 'Niliahidi, nikagusa.' Nitamjibu, 'Yamekwisha.' Watu wasikie yote mawili. Basi, hakuna zaidi. Asipokuja, wakiniuliza kwa nini ninapangisha watu wa namna hii, sina la kuwajibu. Mtanihama mwisho wa mwezi."

Kila mtu wa pale angeelewa jinsi bei ile ilivyokuwa ndogo. Maneno mawili mkekani, na chumba kinabaki chetu, na jina letu linabaki na sisi. Nilimpelekea Shemasi ujumbe huo Mvouni kwa miguu. Alisikiliza akinyoa ndevu.

"Daraja haliendi kukaa mkekani," alisema.

Siku ya saba nilipita mbele ya nyumba ile. Karibu na Mwenye Nyumba, mkekani, walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja. Watu walikuwa wamebanana kila upande wa nafasi ile na hakuna aliyejisogeza kuichukua. Ilibaki hivyo mpaka mwisho.

Kesho yake gari la Gadi lilisimama Volo Volo mbele ya duka la vitambaa. Walioona walinisimulia, na masimulizi yao yalilingana. Mzungu aliingia, hakutukana, hakutisha. Aliegemea meza, akauliza bei ya kitambaa, akakishika kwa vidole, akasema kwa Kifaransa kwamba yeye husali kwenye kile chumba na anakipenda sana. Akatabasamu. Hakununua.

Jioni Mwenye Nyumba aliniita mlangoni. Hakuniita mwanangu. "Waambie wakae," alisema. "Wakae mpaka wachoke."

Jumapili Shemasi alitangaza kwamba Bwana amefungua mlango ambao wanadamu walitaka kuufunga. Sisi hupiga kura kwa mambo yote, basi akaomba ushirika uinue mikono kumshukuru Mungu. Mikono ikainuka. Wangu nao uliinuka, nusu; nakumbuka kiwiko kilibaki mezani.

Mama Vero hakuinua. "Mlango huo ulifunguliwa kwa bunduki," alisema kwa Kimalagasi, kisha kwa Kiswahili chake, ili sote tusikie. "Mimi sipiti."

"Mama yetu ana utani," alisema Shemasi.

Hakuna aliyecheka. Mama Vero alichukua kanga yake, akatoka, na mlango ulipofunguka kelele za mtaa ziliingia, kisha zikafungwa nje. Shemasi akabonyeza rumba.

Mchana ule Mama Vero alinitaka niende naye kwa wanawake wa nyumba ile. Alikaa mkekani kwao, akasema pole kwa ajili ya Koko, akasema anaomba radhi. Dada yake Mwenye Nyumba ndiye aliyemjibu. Nilitafsiri.

"Ni wewe uliyegusa?"

"Siye mimi."

"Basi hii radhi si yako. Kaa tule. Aliyegusa yuko wapi?"

Mama Vero alinigeukia akisubiri nitafsiri jibu, kwa kuwa alidhani ninalo. Niliinama kunawa mikono. Alinitazama sekunde moja zaidi ya kawaida, na nikajua ameelewa kwamba niliona. Tangu siku ile aliimba nyumbani kwake na watu wanne. Mimi nilibaki na daftari langu pale kwenye rumba, nikiwahesabu waliohudhuria, na kila mwezi walipungua.

Mamluki waliondoka nchini mwishoni mwa mwaka 1989. Wiki ile ile Shemasi alipata maono ya kwenda kisiwa kingine, akapakia kinanda kwenye meli ya mizigo. Mwenye Nyumba akachukua chumba chake na kukifanya ghala la vitambaa. Mama Vero alikufa mwaka uliofuata. Dada yake Mwenye Nyumba alikuja mazishini, akakaa na sisi.

Baadaye kidogo ofisi ilinituma Mutsamudu, kwenye kisiwa jirani, kusimamia shehena bandarini. Mmalagasi mmoja, mpakiaji mizigo pale, aliponisikia nikiimba chini chini juu ya karatasi zangu, aliniuliza kama mimi ni wa ushirika. Akasema wao hukutana Patsy, juu ya mji, kila Jumapili alasiri. "Tuna Shemasi mzuri kutoka Moroni," alisema. "Ameteswa sana."

Nilipanda Patsy. Chumba kilikuwa karibu na mtambo wa kukamulia langilangi, na harufu yake nzito iliingia kila mahali. Watu tisa. Shemasi alikuwa amenenepa kidogo na leso ilikuwa ile ile. Kinanda kilikuwa pembeni kimefunikwa kitambaa; unyevu wa meli ulikuwa umeua vibonyezo vyake vya noti, wakaniambia, sasa kinatoa midundo tu.

Aliponiona alifungua mikono. "Dada karani! Jamani, huyu ndiye shahidi wa mateso yetu ya Moroni!"

Umeme haukuwepo tangu mchana. Shemasi alisimama, akatamka mstari, haraka, bila sauti ya wimbo. Akanyamaza. Akavuta pumzi. Watu tisa wakaimba. Mstari baada ya mstari, na ule ukimya mdogo katikati, na chumba kikipumua. Alikuwa anafanya kila kitu alichokifanya Mama Vero, hadi kuinamisha kichwa kabla ya mstari wa mwisho. Nilikuwa nalia kabla sijajua, na nilimchukia kwa kunifanya nilie.

Yule mpakiaji akaninong'oneza kwa fahari, "Hii ni namna yake mwenyewe. Aliibuni kule Moroni, umeme ulipokuwa unakatwa."

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba. Alituma watu wapande paa na koleo, wakate waya ibada ikiendelea."

Kwetu mgeni husimama kutoa salamu. Shemasi aliniashiria kwa mkono mzima. "Dada karani, utusalimie. Waambie uliyoyaona."

Nilisimama. "Nawaletea salamu kutoka Moroni," nilisema. "Namna hii ya kuimba ni ya Mama Vero, aliyekuwa anauza vitumbua, na amekufa. Waya ulikatwa alasiri, ibada imekwisha, chumba kimefungwa. Kinanda kilikuwa kinapiga rumba peke yake kwenye hitma ya mama wa mwenye nyumba. Tulikuwa tumeahidi hakitaguswa. Kiliguswa. Mimi nilikaa hatua mbili na nilimwona aliyekigusa, na nilipoulizwa nilisema sijui. Huo uongo ni wangu, nauchukua. Ule mwingine una mwenyewe, na yumo humu ndani."

Hakuna aliyejisogeza. Wote waligeuka kumtazama Shemasi, si kwa hasira, kwa kumsubiri tu, kama walivyozoea kusubiri atamke mstari.

Alifungua kinywa. Niliamini, kwa muda wa pumzi moja, kwamba atasema. Kisha akasema, "Tuimbe," na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kinanda, ukainua pembe ya kitambaa, na sote tulisikia: tak, na tak.

Hakikulia kitu. Alisimama pale, kidole kikiwa bado juu ya swichi, mbele ya watu tisa.

"Zizime, Shemasi," nilimwambia. "Umeme utarudi."

Alikiinamia kinanda. Halafu alizirudisha, moja, na nyingine, taratibu, akafunika kitambaa na kukinyoosha mikunjo. Akakaa, na mtu mwingine ndiye aliyetamka mstari.

Niliporudi Moroni nilikwenda Volo Volo. Mwenye Nyumba alikuwa anapima kitambaa cha mteja kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole. Nilimwomba radhi yangu mbele ya mteja yule na wachuuzi wa pande zote mbili, nikasema nilijua na nilisema sijui. Alisikiliza mpaka mwisho. "Yamekwisha, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo duka la pili lilisikia.

Kisha akauliza, "Na yeye?"

"Nimemwona Mutsamudu. Alizizima swichi mbele ya watu."

"Alisema?"

"Hakusema. Alizizima."

Mzee alikunja kitambaa pale alipokuwa amefika.

"Mkeka bado upo," alisema, akaendelea kupima.